Kicheza muziki kinapokataa kushika Wi-Fi ya nyumbani

Stima ilirudi saa tatu usiku. Rauta ikawasha taa zake zote, simu yangu ikashika Wi-Fi kabla sijaketi, lakini iPod touch yangu kuukuu ikabaki inazungusha lile duara lake. Kwenye orodha yake kulikuwa na majina manane ya mitandao ya majirani, likiwemo la yule wa ghorofa ya chini aliyeupa wake jina "Lipia Yako". Letu halikuwemo. Asubuhi hiyohiyo ilikuwa imenichezea redio nikipiga pasi, na hakuna aliyegusa kitu tangu hapo. Nikazima, nikawasha, nikarudia. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta kila kitu nilipokumbuka kwamba nyimbo nyingi zilizomo humo sina nakala zake popote.

Nashukuru sikubonyeza. iPod touch iliyofutwa huomba kuthibitishwa na seva za Apple kabla haijakuruhusu kufanya lolote, na uthibitisho huo unapitia Wi-Fi au kompyuta. Ukiifuta kwa sababu imekosa Wi-Fi, umejifungia nje na ufunguo umeuacha ndani. Kwa hiyo kufuta weka mwisho kabisa, hata kama kila anayepita anakwambia "fanya riseti tu".

Nimeombwa msaada wa aina hii na majirani, mabinamu na mzee mmoja wa kanisani, na karibu kila mara kicheza muziki hakikuwa na ubovu wowote. Rauta ndiyo iliyosonga mbele ikakiacha. Kifaa ni cha 2010 au 2012, sanduku uliloletewa na kampuni ya faiba ni la juzi, na hakuna kilichoambia kingine kwamba mambo yamebadilika. Mara nyingi kazi ni kubadili mipangilio ya rauta kidogo ili ielewane na kifaa cha zamani.

Ila kwanza ujue kimekwama wapi. Chukua mgeni anayekuja kwako fleti. Lazima alione geti, soja amfungulie, kisha ajue ni mlango namba ngapi. Kifaa kisichoona jina la mtandao hakijafika getini. Kinachokataliwa nenosiri kimegombana na soja. Kinachoshika lakini hakichezi kitu kiko ndani, kimepotea kwenye ngazi. Dawa ya mmoja haimsaidii mwingine, na hapo ndipo watu wanapopoteza jioni nzima.

Je, kina Wi-Fi kweli?

Usicheke. Nimeketishwa nusu saa mbele ya iPod nano nikitafuta Wi-Fi ambayo haikuwahi kuwekwa. iPod classic, nano na shuffle hazina Wi-Fi, hata moja. Nano ya mwisho, ya 2012, ina Bluetooth, na alama hiyo ndiyo inayodanganya watu. Kwa upande wa Sony, Walkman NW-A55 ina Bluetooth bila Wi-Fi, wakati NW-A105 iliyotoka 2019 inatumia Android na Wi-Fi inayo. Ukinunua Luthuli Avenue jijini Nairobi au kwa muuza vifaa vilivyotumika, fungua mipangilio palepale kaunta, uione swichi ya Wi-Fi kwa macho yako, na uiguse. Muuzaji akisema "itatokea ukifika nyumbani", rudisha pesa mfukoni.

Swichi ikiwa ipo lakini ni ya kijivu na haikubali kuguswa, hapo ni chipu au waya wa antena. Zima kabisa, kiache kipoe, washa. Ikibaki kijivu, hesabu kama bei ya fundi haizidi bei ya kifaa.

Jaribio la dakika tano

Kabla ya kugusa rauta, washa hotspoti ya simu. Kwenye Android chagua masafa ya gigahezi 2.4 na usalama wa WPA2, yaani aina ya kufuli la Wi-Fi. Kwenye iPhone za kuanzia 12 kuna swichi ya kuongeza uoanifu ndani ya ukurasa wa hotspoti, iwashe. Sasa unganisha kicheza muziki.

Kikishika na wimbo ukacheza, kifaa ni kizima na unachotafuta kiko kwenye rauta. Kikikataa hata hapo, kifaa chenyewe ndicho cha kuchunguzwa. Bando litakalotumika ni la wimbo mmoja tu. Mimi siku hizi sianzi popote pengine.

Jina la mtandao halionekani

Sababu ya kwanza ni masafa. Rauta nyingi za sasa hurusha mawimbi mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. iPod touch ya kizazi cha nne, ile ya 2010, na zote zilizoitangulia zinasikia 2.4 peke yake. Kuanzia kizazi cha tano, 2012, zinasikia yote mawili. Fleti zetu zimejaa rauta ukuta kwa ukuta, kwa hiyo 2.4 husongamana, na fundi aliyekuja kuweka faiba, au kijana wa nyumbani anayecheza gemu, anaweza kuwa ameizima ili kila mtu atumie 5. Simu hazitalalamika. Kifaa chako cha zamani kitakuwa kipofu.

Na lile jina linaloishia "5G" kwenye orodha halihusiani na 5G ya simu. Ni gigahezi 5. Ukiona majina mawili yanayofanana, kifaa cha zamani kipe lile lisilo na 5G.

Kuingia kwenye rauta si kazi ya injinia. Igeuze, soma kibandiko cha chini. Pameandikwa anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1, pamoja na jina la kuingilia na nenosiri. Andika anwani hiyo kwenye kivinjari cha simu iliyoshika Wi-Fi hiyohiyo. Tafuta ukurasa wa mtandao usio na waya, washa 2.4, na ikiwezekana ipe jina lake peke yake. Rauta zinazounganisha masafa yote mawili chini ya jina moja hujaribu kusukuma vifaa kwenda 5, na kifaa cha zamani huishia kusukumwa mlangoni.

Sasa turudi kwenye usiku wangu. 2.4 ilikuwa imewashwa, jina lilikuwa sawa, na simu iliiona vizuri. Nilipofungua ukurasa wa rauta nikakuta mstari mmoja nisioupa maana siku zote: chaneli, otomatiki, kwa sasa 13.

Masafa ya 2.4 yamegawanywa chaneli. Kwetu Kenya zinaruhusiwa 1 hadi 13. Marekani kwa kawaida hutumia 1 hadi 11, na vifaa vingi vilivyotengenezewa soko la huko havisikilizi 12 wala 13. iPod yangu aliniletea binamu kutoka Marekani. Stima iliporudi, rauta za jengo zima ziliwaka kwa wakati mmoja, kila moja ikitafuta mahali patulivu, na yangu ikajionea 13 ni shwari ikahamia huko. Asubuhi ilikuwa chaneli nyingine, ndiyo maana redio ilicheza. Nikatoa otomatiki, nikaandika 6, nikahifadhi. Kabla sijafunga ukurasa, jina letu lilikuwa limeketi juu ya "Lipia Yako".

Ukiweka chaneli mwenyewe, chagua 1, 6 au 11, kwa kuwa hizo tatu haziingiliani. Programu ya bure ya kuonyesha mitandao kwenye simu ya Android itakuambia ipi ina majirani wachache. Ukiwa hapo, upana wa chaneli weka megahezi 20. Ile 40 huahidi kasi, lakini kwenye jengo la fleti sitini inakuletea kelele za watu wengi zaidi, na muziki hauhitaji kasi hiyo: hata wimbo wa ubora wa juu wa kilobiti 320 kwa sekunde ni tone kwenye Wi-Fi ya leo.

Sababu mbili ndogo za kumalizia. Jina linaweza kuwa limefichwa, basi ondoa maficho, maana hayazuii mwizi yeyote. Na rauta za Wi-Fi 6 zikiwa zimewashiwa hali mpya kwenye 2.4, baadhi ya vifaa vya zamani huchanganyikiwa. Weka hali ya b/g/n, yaani viwango vya Wi-Fi vya zamani.

Jina linaonekana, nenosiri linakataliwa

Andika tena, polepole. Najua uliandika vizuri, andika tena. Nenosiri la kiwandani limechapishwa kwa herufi ndogo kama mchele, sifuri na O zinafanana, moja na l zinafanana, na kibodi ya skrini ya inchi tatu na nusu haina huruma. Angalia pia kama kifaa kimejiandikia herufi ya kwanza kubwa, au kama kuna nafasi tupu mwishoni. Nenosiri la WPA halipungui herufi 8, kwa hiyo kitufe cha kuunganisha kikibaki kufifia, hesabu ulizoandika.

Kama nenosiri lenyewe lilibadilishwa juzi, mwambie kifaa kisahau mtandao kwanza. Vingine hushikilia lile la zamani na kulirudiarudia bila kukuuliza.

Nenosiri likiwa sahihi na bado linakataliwa, mshukiwa ni WPA3, kufuli jipya lililokuja baada ya WPA2. Rauta mpya au iliyosasishwa inaweza kuwa imewekwa WPA3 pekee, ambayo kifaa cha miaka hiyo hakiijui. Ujumbe utakaouona ni "nenosiri si sahihi" au "imeshindwa kuunganisha", haukuambii ukweli. Kwenye rauta chagua mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Ikishindikana, WPA2 yenye AES (aina ya usimbaji) peke yake. Kwa nyumba ya kawaida inatosha, mradi nenosiri lisiwe namba ya simu yako. Kuna atakayekushauri ushuke hadi WEP, kufuli la zamani zaidi. Kataa. Watafiti walionyesha jinsi ya kuivunja tangu 2001, na hakuna wimbo unaostahili kuwaachia majirani mlango wazi.

Jambo la mwisho hapa linawahusu wenye vifaa vya Android 10 na kuendelea, au iOS 14 na kuendelea. Vifaa hivi hujificha kwa kuupa mtandao anwani ya bandia ya maunzi (namba inayokitambulisha kifaa) badala ya ile halisi. Kama mwenye nyumba au mzazi amewekea rauta orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa, anwani hiyo ya bandia haimo, na kifaa kitafukuzwa. Zima anwani ya faragha kwa mtandao huo mmoja.

Kimeshika, lakini hakuna kinachocheza

Hili ndilo linalowachosha watu, maana alama ya Wi-Fi imejaa na bado kimya. Gusa jina la mtandao, usome anwani ya IP. Ikianza na 169.254, kifaa hakikupewa anwani na rauta, kimejitungia. Mara nyingi kuzima rauta kwa dakika moja kunatosha. Ikirudia, pengine rauta imefika kikomo cha vifaa: hesabu simu, runinga, kompyuta, na wageni wa Jumapili waliopewa nenosiri wakaenda nalo.

Anwani ikiwa nzuri, mfano 192.168.1.23, tazama tarehe. Kifaa kilicholala droo miezi sita bila chaji kinaweza kuamka kikidhani ni 1970. Tovuti na huduma za muziki huonyesha cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa kifaa kilichoko 1970 vyeti vyote havijazaliwa. Kitavikataa kimoja baada ya kingine na kukuambia hakuna muunganisho. Weka tarehe kwa mkono, weka saa ya Nairobi, jaribu tena. Mzee wa kanisani niliyemtaja tatizo lake lilikuwa hili tu, na alikuwa ameshamlipa mtu.

Halafu kuna vyeti vilivyozeeka vyenyewe. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mzizi kimoja, yaani kile kinachothibitisha vyeti vingine, kilichokuwa kikitegemewa na tovuti nyingi mno kiliisha muda. iOS za chini ya 10 na Android za chini ya 7.1.1 hazikumjua mrithi wake. Dalili yake ni ya kipekee: tovuti moja inafunguka, ya pili inakataa, na hakuna mantiki unayoiona. Wi-Fi haina hatia hapo. Apple iliacha kuuza iPod touch Mei 2022, na mifumo yao ilishasimama: kizazi cha nne kwenye iOS 6.1.6, cha tano 9.3.5, cha sita 12, cha saba 15. Programu za muziki nazo zimepandisha kiwango chao cha chini mwaka hadi mwaka. Kizazi cha nne au cha tano usikipotezee jioni ukilazimisha programu za kisasa. Vituo vya redio vinavyorusha kwa anwani za kawaida za http bado vinacheza, na muziki wa kompyuta ya nyumbani pia.

Wi-Fi ya vocha mtaani

Pipeline, Kayole, Githurai, na mitaa mingine mingi, intaneti ya nyumbani si rauta yako. Ni antena juu ya paa la ploti, unashika mtandao usio na nenosiri, ukurasa unajitokeza, unalipa kwa M-Pesa, unapata saa kadhaa au siku. Simu inafanya haya bila shida. Kicheza muziki kisicho na kivinjari hakiwezi kuuonyesha ukurasa huo, kwa hiyo kitashika, kipate anwani, kikae kimya milele.

Kama kina kivinjari na ukurasa haujitokezi, usifungue tovuti yenye kufuli. Andika neverssl.com, ambayo haina usimbaji, na ukurasa wa malipo utakuja wenyewe. Tayarisha simu kando, maana ombi la kuweka PIN ya M-Pesa litakuja huko.

Tatizo la pili: vocha nyingi hufungwa kwa kifaa kimoja, kwa ile anwani ya maunzi. Uliyolipia simu haitafungua kicheza muziki. Mpigie mwenye mtandao umsomee anwani ya maunzi ya kifaa chako, ambayo iko kwenye mipangilio chini ya maelezo ya kifaa, naye anaweza kuiingiza upande wake kwa dakika mbili. Wengi hukubali ukiwa mteja wa mwezi. Asipokubali, baadhi ya simu za Android zinaweza kupokea Wi-Fi na kuirusha tena kama hotspoti kwa wakati mmoja. Jaribu yako kabla ya kutumia pesa zaidi.

Kinashika, kinakatika

Kuta za mawe ya Ndarugo na slabu ya zege si rafiki wa mawimbi, na mabati yanayarudisha yalikotoka. Rauta iliyofichwa nyuma ya runinga, ndani ya kabati la kioo, inapiga kelele ndani ya sufuria. Mimi iPod yangu ilikuwa ikikatika kila ilipokaa juu ya friji, nikaihamishia dirishani, hatua tatu tu, ikatulia.

Kuna la kushangaza zaidi. Vipokea sauti vya Bluetooth vinatumia masafa yaleyale ya 2.4, kwa hiyo kifaa kidogo kinapokea wimbo kwa Wi-Fi na kuurusha kwa Bluetooth kwenye uchochoro mmoja. Chomeka vya waya ujaribu. Sauti ikinyooka, umempata mshukiwa. Maikrowevu pia hufanya kazi kwenye masafa hayo. Kama muziki hukwama mtu akipasha chakula, si uchawi. Na kama hukatika kila skrini inapozima, tafuta mpangilio wa kuokoa betri unaolaza Wi-Fi.

Kompyuta na kicheza muziki havionani

Kama unataka kuvuta nyimbo kutoka kompyuta ya nyumbani, vyote viwili lazima viwe kwenye mtandao mmoja. Mtandao wa wageni huvitenga vifaa kwa makusudi. Na kama ulinunua rauta ya pili ukaichomeka kwenye sanduku la faiba, linganisha anwani: kimoja 192.168.1, kingine 192.168.0, hao wanakaa ploti tofauti. Geuza ya pili iwe kirushio cha Wi-Fi tu, au hamishia vyote upande mmoja.

Usipotaka kugusa rauta mwenyewe, pigia huduma kwa wateja wa kampuni yako ya faiba. Ukisema "iPod haishiki" utaambiwa uzime uwashe. Sema hivi: "Naomba mniwekee 2.4 ijitegemee na jina lake, chaneli 6, upana wa megahezi 20, usalama WPA2." Wengi huyafanya hayo wakiwa ofisini kwao. Yakishawekwa, fungua ukurasa wa rauta uupige picha kwa simu, kwa sababu masasisho ya kampuni huja usiku na wakati mwingine hurudisha kila kitu kilivyokuwa. Yangu ilisharudi 13 mara moja, na safari hiyo ilinichukua dakika mbili.